UZI: Kava za shokapu za mbele kwa pikipiki za lami na porini – kuchagua, kupima na kufunga

Wakuu heshima mbele.

Kuna swali haliishi humu: "Sili za shokapu za mbele zimevuja, nimeweka mpya, zimevuja tena, ninunue za kampuni gani?" Mara nyingi sili haina kosa. Sili ni mdomo wa mpira unaokumbatia bomba la kromu. Bomba likiwa na kishimo chenye ncha, au likiwa limegandwa na matope, sili yoyote utakayoweka itachanika. Kwa hiyo uzi huu hauhusu sili. Unahusu kinachokaa mbele ya bomba ili sili isipate tabu, yaani kava.

Nazungumzia pikipiki za matumizi yote mawili, lami na vumbi, zenye madigadi ya juu na shokapu ndefu. Wenye pikipiki za mjini mtachukua kinachowafaa.

ANGALIA KWANZA KROMU IKO WAPI

Piga magoti mbele ya pikipiki, tafuta sehemu inayong'aa. Ikiwa juu, karibu na shingo, na chini kuna bomba nene lililoshika ekseli, hizo ni shokapu za kawaida. Suzuki DR650, Kawasaki KLR650 na Royal Enfield Himalayan ya 411 ziko hivyo. Kromu ikiwa chini, karibu na ekseli, na bomba nene liko juu, hizo ni za kupinduliwa. Honda CRF300L, Yamaha WR250R, Ténéré 700 na Himalayan ya 450 ziko kundi hilo.

Hili ndilo linaloamua ununue nini, wala si rangi ya kava. Kwenye shokapu za kupinduliwa kromu iko jirani kabisa na tairi, mahali kokoto zinaporuka. Isitoshe sili inatazama chini, na ikianza kuvuja oili inateremka yenyewe na bomba mpaka kwenye kaliper (kifaa kinachobana diski) na diski ya breki. Ukikuta unyevu pale, pikipiki isitoke nyumbani. Breki ya mbele yenye oili inaweza kukukosa siku unayoihitaji.

AINA ZA KINGA

Buti za mpira zenye mikunjo ni za shokapu za kawaida. Zinafunika kromu yote pande zote, na kwa vumbi na kokoto hakuna kinachozishinda. Udhaifu wake ni kwamba huoni kinachoendelea ndani. Mpira ukipasuka kwenye mkunjo kwa jua na umri, maji na mchanga vinaingia, vinakaa humo, na kromu inaanza kutu huku wewe ukidhani umelindwa. Ukiwa nazo, legeza kibano cha chini mara kwa mara, pandisha buti, chungulia.

Soksi za neoprini zinakaa kwenye aina zote mbili. Ni kitambaa kinene kinachonyumbuka, kinavutwa juu ya sili na kushuka kidogo kwenye kromu. Kazi yake ni kuzuia vumbi laini na matope yasifike kwenye mdomo wa sili. Jiwe halizuii. Mtu anayenunua soksi kwa ajili ya kokoto amenunua kitu kingine.

Kava ngumu za plastiki ni za shokapu za kupinduliwa. Zinafungwa kwa bolti kwenye mguu wa shokapu, pale chini kwenye ekseli, zinapanda mbele ya kromu na kulipita bomba nene kwa nje. Shokapu ikibonyea kava inapanda pamoja na tairi. Zipo pia shokapu za kawaida zenye kava ngumu inayosimama mbele ya kromu, Suzuki DR-Z400S ya zamani ni mfano, na kipimo cha pili nitakachokieleza hapa chini kinazihusu vilevile.

Kuhusu malighafi sitarefusha. Polipropilini inatosha watu wengi: ukiipiga inajikunja, inarudi. Kabonifaiba ni nyepesi na ya kupendeza, lakini ikipigwa vibaya inavunjika vipande vyenye ncha. Aluminiamu siipendi kabisa sehemu hii. Ikipinda inabaki imepinda, na mahali ilipo ikipinda inagusa ama kromu ama diski.

KUPIMA

Hapa ndipo watu wanapopaharakisha, na hapa ndipo kava inapogeuka kuwa adui.

Inua pikipiki mpaka tairi la mbele lining'inie, shokapu zinyooke kabisa. Tazama mambo mawili.

Kwanza, ukingo wa juu wa kava lazima uwe umelipita bomba nene, hata shokapu zikiwa zimenyooka mpaka mwisho. Kava fupi inaacha pengo hapo. Shokapu ikinyooka kisha ikabonyea kwa nguvu, ukingo wa kava unaweza kugonga chini ya bomba nene badala ya kuteleza nje yake, na kava inakatika palepale au inasukumwa ndani kwenye kromu. Ndiyo maana pikipiki nyingi zina pete ya plastiki mwishoni mwa bomba nene. Ile pete inaiongoza kava ili isilichubue bomba. Ikilika, ibadilishe.

Pili, pima kutoka ukingo wa juu wa kava mpaka chini ya kibano kinachoshika shokapu shingoni. Umbali huo lazima uzidi mwendo wote wa shokapu. CRF300L ina mwendo wa milimita 260 mbele, WR250R 270, Ténéré 700 ina 210. Chukua namba ya pikipiki yako kwenye kitabu chake, ongeza milimita 10 za usalama, linganisha na ulichopima. CRF300L ikikupa 250 hapo, kava hiyo ni ndefu. Kwenye shimo kubwa itagonga kibano, na kitakachovunjika ni masikio ya bolti kule chini.

Sasa angalia kilichofungwa njiani. Nimeona watu wengi wanafunga indiketa au taa za ziada kwa vibano vinavyozunguka bomba nene. Kava ikipanda inakutana nazo. Pikipiki imesimama kila kitu kiko sawa, ukiingia kwenye korongo taa inaruka. Hamisha taa, usikate kava.

KUFUNGA

Toa kava za zamani, osha mguu wa shokapu, na kabla hujafunga chochote pitisha ukucha kwenye kromu kuanzia juu hadi chini, mzunguko mzima. Ukucha ukinasa, hapo pana kishimo chenye mdomo uliosimama. Chukua msasa wa maji namba 2000, weka oili kidogo, sugua mpaka ukucha upite bila kunasa. Sugua kwa kulizunguka bomba, si kwa kupanda na kushuka, maana mikwaruzo ya wima ni mifereji ya kupitisha oili. Kishimo chenyewe hakitaondoka, na si lazima kiondoke. Kinachochana sili ni ule mdomo wake. Kikiwa kirefu sana, kijaze epoksi, ikikauka isawazishe kwa msasa uleule.

Bolti nyingi za kava ni M6 (unene wa milimita 6) na zinaingia kwenye aluminiamu. Nyuzi zake zinaliwa upesi. Anza kila bolti kwa vidole mpaka izunguke mara kadhaa ndipo ulete spana. Nm 10 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha, kitabu chako kikisema vingine fuata kitabu. Kama kava imekuja na bushi za chuma za kuingia kwenye matundu, usiziache kwenye boksi. Bila bushi unaikaza plastiki yenyewe, inabonyea, bolti inalegea. Gundi ya bolti ya nguvu ya kati, tone moja, na isimwagikie plastiki kwa sababu baadhi ya plastiki hupasuka ikiguswa nayo.

Bolti ndefu kupita ya kiwandani usiweke, hasa upande wa diski. Ukimaliza, zungusha tairi kwa mkono na uchungulie nafasi kati ya kichwa cha bolti, kava na diski.

Paipu ya breki ndiyo ya mwisho na ndiyo muhimu kuliko zote. Kwenye pikipiki nyingi inashikwa na kava upande wa diski. Irudishe kwenye njia yake ileile, funga vibano vyake, kisha shokapu zikiwa zimenyooka pindua usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Paipu isivutike, isikunjike, isitokeze kuelekea kwenye tairi. Waya wa kihisi cha spidi au cha ABS vivyo hivyo.

Baada ya hapo pampu shokapu ukiwa umeshika breki ya mbele, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo, legeza, panga upya. Karibuni.

---

Vumbi Jekundu:
Mkuu umenigusa. Mimi nina soksi za neoprini na kava za plastiki juu yake, kwa pamoja. Nilidhani nimemaliza kila kitu. Sasa sili ya kulia imeanza kuloana. Tatizo ni nini?

Mleta uzi:
Mkuu, unapita kwenye maji na matope mara kwa mara? Kama ndiyo, mshuku soksi. Neoprini inanyonya maji yenye tope laini, maji yakikauka lile tope linabaki limegusana na mdomo wa sili, na kila shokapu inapopanda linasagwa pale. Soksi ni za kuvuliwa na kufuliwa kila baada ya safari ya matope. Za kufunga kwa velikro ni rahisi, hutoi tairi. Zile za kuvisha kama mkono wa shati mpaka utoe shokapu, na ndiyo maana watu hawazifui.

Kabla hujanunua sili mpya safisha hiyo. Shusha sili ya vumbi, ile ya nje inayokinga sili ya oili, taratibu kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa utepe, isiguse kromu. Futa uchafu. Halafu chukua plastiki nyembamba laini, filamu ya kamera ya zamani ya milimita 35 ndiyo inayosifiwa, kata ndoano mwishoni, iingize kati ya bomba na sili ya oili, izungushe, uivute nje. Itatoka na punje za mchanga. Motion Pro wanauza kifaa cha kazi hiyohiyo kinaitwa Seal Mate. Futa, pampu shokapu, futa tena. Ikitulia, sili ilikuwa nzima.

Spana Kumi na Tatu:
Mada nzuri ila kwenye buti za mpira umezionea. Nimefanya ufundi wa pikipiki miaka mingi, na zinazokuja na sili zimekufa ni za kupinduliwa, zile za kawaida zenye buti huwa nazifungua kromu bado kama kioo. Kava ya plastiki iko wazi nyuma. Tairi lako lenyewe linarusha tope kule nyuma na ubavuni. Unalinda mbele tu.

Mleta uzi:
Fundi, kwa shokapu za kawaida sina ubishi, buti ndiyo kinga bora kuliko zote. Nilichosema ni mtu asiyezifungua kuangalia. Na kwa za kupinduliwa huwezi kuweka buti la maana, ndiyo tunahangaika na plastiki. Ila hoja yako ya nyuma kuwa wazi ni ya kweli, kwa hiyo wakuu mkichagua kava tafuteni inayozunguka ubavuni kadiri inavyowezekana, hasa upande wa ndani unaotazama tairi. Kuna kava zinauzwa ni kipande bapa cha mbele tu. Hizo ni za kubandikia stika.

Spana Kumi na Tatu:
Hapo tumeelewana. Niongeze la buti kwa anayenunua mpya. Pima vitu vinne: kipenyo cha kromu, kipenyo cha bomba nene pale buti linapokaa, urefu likivutwa, na urefu likibanwa. Wengi wanapima viwili vya kwanza. Buti likiwa refu mno likibanwa, linajaa chini ya kibano cha shingo na shokapu haifiki mwisho wa mwendo wake. Pia lazima liwe na vitundu vya hewa. Bila vitundu linavimba shokapu ikibonyea, likirudi linanyonya, na linanyonya vumbi kupitia kibano. Vitundu vielekee nyuma na chini. Nimeshakuta vimeelekezwa mbele, vinakusanya maji kama faneli.

Dada wa Njia Panda:
Asante kwa uzi. Swali. Pikipiki yangu ni ya kupinduliwa, kava ya kushoto imevunjika, nimepata ya pikipiki nyingine, matundu ya bolti yanalingana kabisa, urefu nimepima kama ulivyosema uko sawa. Ila haina pale pa kushikia paipu ya breki. Naweza kuifunga paipu kwa kamba ya plastiki kwenye kava?

Mleta uzi:
Dada, hapana. Kamba ya plastiki inakatika kwa joto na mtikisiko, na paipu iliyoachiwa kati ya tairi na shokapu inasuguliwa hadi inatoboka. Hapo huna breki ya mbele kabisa. Ukiipata kava ya zamani hata vipande, angalia kama kibano cha paipu ni kipande cha peke yake kilichofungwa kwa skrubu. Mara nyingi ndivyo kilivyo. Kihamishie kwenye kava mpya, toboa matundu, weka bolti fupi yenye kichwa bapa upande wa ndani, waisha (vipete bapa vya bolti) pande zote mbili, na uhakikishe kichwa hakigusi bomba nene kava inapopanda. Kama kibano kilikuwa kimefinyangwa humohumo kwenye plastiki, basi tafuta kava ya pikipiki yako. Usitembee nayo ilivyo.

Dada wa Njia Panda:
Nimeangalia, kina skrubu mbili. Nashukuru sana.

Mzee wa Korongo:
Vijana, mimi kava nimezitoa nikaziweka stoo. Mchanga unaingia kati ya kava na bomba nene, bomba limechubuka rangi yote. Naona zinaharibu kuliko kulinda.

Mleta uzi:
Mzee shikamoo. Kilichochubuka ni rangi ya bomba la nje, na sili haigusi hapo. Ni sura tu inayoharibika. Kromu ikichubuka ndipo gharama inapoanza. Lakini mchubuko mwingi hivyo unaniambia ile pete ya kuongozea kava imelika au haipo. Tazama mwisho wa chini wa bomba nene, kama huoni pete ya plastiki inayozunguka, ndiyo hiyo inayokosekana. Nyingine: bandika utepe mgumu unaong'aa, ule wa kukinga rangi, pale kava inapopita. Na unapoosha, zitoe kava. Ni bolti chache. Mashine ya maji ya presha usiielekeze kwenye sili hata ukiwa mbali, inasukuma uchafu ndani badala ya kuutoa.

Mzee wa Korongo:
Marahaba. Pete haipo kweli, kuna alama tu ya ilipokuwa. Naitafuta, kava nitazirudisha.

Kijana wa Gia:
Wakuu samahani, mimi oili imeshafika kwenye diski. Nimefuta na petroli. Pedi bado nene, nizisugue na msasa niendelee?

Spana Kumi na Tatu:
Diski isafishe kwa kisafishio cha breki, petroli inaacha mabaki. Pedi zikishanyonya oili zitupe hata kama ni mpya. Utazisugua juu, zikipata joto oili iliyoko ndani inatoka tena. Na usiweke pedi mpya kabla hujamaliza uvujaji, utaziua nazo.

Mleta uzi:
Naunga mkono kwa herufi kubwa. Ukitoa tairi kwa kazi hiyo, wakati wa kurudisha kaza ekseli kwanza, pampu shokapu mara kadhaa bila kukaza bolti za kubana ekseli, ndipo uzikaze hizo. Shokapu zinajipanga zenyewe sambamba. Ukizibana kabla, mguu mmoja unavutwa ndani, shokapu inapanda kwa kukwama, sili inalika upande mmoja na kava inasugua upande huohuo. Nadhani nusu ya kava "zisizokaa vizuri" chanzo chake ni hapo, na kava zenyewe hazina shida.

Vumbi Jekundu:
Mrejesho: nimevua soksi, tope lililokuwemo ni aibu. Nimepitisha filamu kwenye sili ya kulia, zimetoka punje tatu nne, nimefuta na kupampu, sasa iko kavu. Kava za plastiki nimerudisha, soksi nimeacha kwanza. Hivi nazo nizirudishe?

Mleta uzi:
Msimu wa vumbi zirudishe, zikiwa safi na kavu, zipande juu ya sili kabisa na zisiguse kava kwa ndani. Msimu wa matope ziache nyumbani, futa kromu kwa kitambaa kila unapofika.